Vumbi Mezani kwa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Muuza kamera kaileta mwenyewe hadi studio, ndani ya boksi lenye sponji, ameibeba kwa mikono miwili kama anakabidhi kichanga. Wiki tatu za majaribio. Chama chetu cha wapiga picha kimepatana naye: washiriki watatu wa maonyesho ya tarehe 22 wakopeshwe, kwa kura, na siku ya maonyesho kila mmoja aseme anabaki nayo au anairudisha. Mimi ambaye sijawahi kushinda hata sabuni kwenye bahati nasibu — nimepata! Na ati kuirudisha. Nani huyo mwenye moyo wa jiwe?

Megapikseli mia moja na mbili. Yangu ya zamani ina kumi na mbili, na tumezeeka pamoja.

Mwenzangu wa studio tunamwita Flashi, kwa sababu hana siri. Akijua jambo, mtaa mzima umeshamulikwa. Kaigeuzageuza kamera, kasema nzito kama tofali. Kasema mteja akipewa picha anaangalia kitambi chake tu, pikseli hazihesabu. Nikamwambia arudi kwa watu wake wa pasipoti.

Nimempiga yeye huyohuyo, kando ya dirisha. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikavuta karibu. Nikavuta tena. Jamani! Uzi uliochomoka kwenye kola. Kovu la tetekuwanga chini ya sikio, ambalo miaka tisa ya kukaa naye sikuwahi kuliona. Halafu ndani ya mboni ya jicho — dirisha letu, na mbele ya dirisha mtu mdogo ameinama, kiwiko juu. Mimi! Nilipiga ukelele, mteja wa pasipoti akashtuka, ikabidi apigwe upya.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga kila kitu kisichokimbia. Kitasa cha mlango. Soli ya kiatu. Ukuta wa nyuma ya studio, ambao niliudhani mweupe. Kitunguu. Ganda la kitunguu lina mistari kama ramani, na mimi nimekata vitunguu maisha yangu yote!

Siwezi kutulia. Naketi, nasimama, narudi kwenye kompyuta, navuta tena. Chai imepoa mara tatu. Picha ya kamera yangu ya zamani ukiivuta karibu inageuka vigae vya bafuni. Hii haiishi. Unaingia, unakuta chumba. Unapita, unakuta chumba kingine na taa inawaka. Najiona kama mtu aliyeishi sebuleni kwake tu, asijue nyumba ina vyumba sita. Na — niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma — kuna raha ya kubeba kitu ambacho wenzangu wanakitazama huku wanameza mate.

Maonyesho yameitwa "Mikono Kazini". Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu tunayemwita Bwana Fremu kwa vile kila akiona kitu anakizungushia vidole vyake vinne, katangaza: picha itakayoshinda itachapwa upana wa mita mbili na kutundikwa ukuta wa mbele. Mita mbili! Kwa kamera hii inawezekana, na haitavunjika hata ukiisogelea pua.

Naitaka hiyo mita mbili. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Miaka kumi na nne ya maharusi na pasipoti. Naitaka.

Na nimeshajua nimpige nani. Fundi saa. Miaka arobaini na moja kwenye meza ileile. Baba yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda kwa wazazi. Karakana ya Baba ni chumba cha mbele cha nyumba, kinatazama barabarani. Meza, kitambaa cha kijani kilichobandikwa juu yake, droo ishirini na nne zisizo na lebo kwa sababu zote ziko kichwani mwake. Alivaa koti. Kanyoa. Kaniuliza kama avue miwani ya jua, siku hizi anavaa hata ndani, anasema mwanga wa barabarani unamchoma. Nikamwambia avue, abane kile kioo chake cha kukuzia jichoni, afanye kazi kama sipo.

Mama naye yupo. Siku hizi kahamia karakana, kaleta na kiti chake na kitambaa chake cha kufuma. Mama huyuhuyu aliyekuwa akisema tiktaki za humo zinamtia kichefuchefu! Nikawatania: mapenzi ya uzeeni haya, mnataka kutuongezea mdogo wetu. Baba kacheka hadi kioo kikamdondoka. Mama kasema nifanye kilichonileta.

Alikuwa anatengeneza saa ya mkunga, ile ndogo ya kubandika kifuani. Nimepiga picha mia mbili na kumi na nne. Fokasi jichoni, siku zote jichoni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa: jicho likiwa kali, mengine yatasamehewa. Na kimya cha Baba akiwa kazini! Mdomo umefungwa, kibanio mkononi, vidole vinakwenda polepole kuliko zamani. Uzee na ustadi vimekutana, nikajisemea. Nilisikia fahari.

Jumamosi, 8 Machi

Ninayo. Namba 137.

Mwanga umeingia kutoka kushoto, umelala juu ya mkono. Kila unywele wa nyusi umesimama peke yake. Ndani ya kile kioo cha jichoni kuna weupe laini, wa mviringo. Dirisha limeakisiwa humo, nadhani. Zuri ajabu. Ncha za kibanio kali kama sindano.

Kasoro moja: mkono wa Mama umejipenyeza upande wa kulia, na kitambaa chake cha kufuma. Nimeukata. Nimekata karibu theluthi nzima ya picha na bado zimebaki megapikseli sitini na kitu! Kwa kamera ya zamani ningebaki na stempu. Huu ndio ufalme wenyewe — unapiga kwanza, unaamua baadaye picha iko wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Vumbi! Kamera hii haifichi kitu, na kumbe karakana ya Baba ni jangwa. Punje kwenye koti, punje kwenye kitambaa cha kijani, vipande vya shaba, nyuzi, chembe za sijui nini. Kwenye ukuta wa mita mbili kila kimoja kitaonekana. Nafuta kimoja kimoja kwa kipanya. Nimefika mia na themanini, shingo imekufa ganzi.

Flashi kauliza kama nalipwa kwa punje.

Jumanne, 11 Machi

Nimemaliza kufuta. Mia tatu na arobaini na mbili, ndiyo, nimehesabu. Kitambaa cha kijani sasa kimetakata kama jani lililonyeshewa. Nimemtumia Bwana Fremu. Sasa roho juu.

Jumatano, 12 Machi

MITA MBILI NI YANGU!

Kanipigia saa nne asubuhi. Kasema kura zilikuwa saba kwa mbili, kasema amekaa na ile picha akasahau uji jikoni. Faili kubwa nimpelekee kabla ya Jumatatu jioni. Nimemkumbatia Flashi, nimemkumbatia mteja, bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho. Naye kanikumbatia bila kuuliza sababu.

Nikakimbia kwa wazazi. Baba kaketi kwanza. Halafu kasimama mlangoni, akaanza kumwambia kila anayepita kwamba atatundikwa. Atatundikwa! Mama kamwambia atafute neno jingine, watu watadhani amehukumiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa naikagua mara ya mwisho. Nimekagua jicho siku zote hizi, jicho, jicho, nyusi. Leo nikashuka hadi mikononi.

Kibanio hakijabana kitu.

Nimevuta hadi mwisho. Ncha mbili za chuma, katikati hewa tupu. Baba anatazama hewa kwa makini yote ya miaka arobaini na moja.

Mchana nimekwenda kumuuliza, kwa utani tu. Kacheka. Kasema, "Skrubu ya saa ya mkunga hiyo, mwanangu. Ndogo kuliko nukta. Kamera yako ina macho, lakini haina macho ya fundi."

Imeniuma! Kamera iliyoona kovu la tetekuwanga la Flashi ishindwe na skrubu? Kesho naifungua picha ya awali, ile ambayo sijaigusa. Iko mahali. Nitamwonyesha.

Ijumaa, 14 Machi

Ningekuwa na akili ningeacha jana.

Nimeiona skrubu. Iko juu ya kitambaa cha kijani, umbali wa ukucha kutoka kwenye kibanio. Ina hadi ule mfereji wa kuingizia bisibisi. Niliifuta. Ni moja ya zile mia tatu na arobaini na mbili. Niliifuta nikidhani ni vumbi.

Nikasema basi, imemponyoka, fundi yeyote huponyokwa. Lakini yeye hatazami ilipoanguka. Anatazama kibanioni. Anaamini bado iko pale.

Hapo nikarudi kwenye jicho. Ule weupe ndani ya kioo — nilisema dirisha. Dirisha la karakana lina nondo nne, na kwenye saa mezani limeakisiwa na nondo zake zote nne. Kwenye jicho hakuna nondo. Weupe ule si mwanga. Ni jicho lenyewe, limefunga ukungu kama kioo cha bafuni.

Nimetoka nje. Nimezunguka studio mara sijui ngapi. Nimerudi.

Nikafungua picha yote, na ule upande nilioukata. Mkono wa Mama. Haufumi! Vidole viwili vimeshika kijisumaku, na kijisumaku kinaielekea skrubu. Nikafungua zilizofuata, moja baada ya nyingine. 138: sumaku imeinasa skrubu. 139: skrubu iko kando ya kidole kidogo cha Baba, mkono wa Mama unarudi kwenye kitambaa. 140: Baba anapapasa. 141: anapapasa. 142: skrubu iko kwenye kibanio, na Baba anatabasamu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao! Macho yangu mawili, na lenzi, na sikuona kitu. Nikawatania eti mapenzi ya uzeeni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemkuta Mama uani anaanika nguo. Nilitaka kuanza taratibu, nikashindwa, nikasema tu, "Mama, sumaku."

Akabana shuka kwa vibanio vitatu, polepole, kisha ndipo akajibu.

"Tangu saa ya mkunga iliporudi mara ya kwanza. Alikuwa amefunga skrubu ya saa nyingine. Baba yako! Skrubu ya saa nyingine."

Nikauliza kama Baba anajua yeye anamwokotea. Akanikata jicho. "Anadhani ni vidole vyake. Anadhani vidole vimejifunza kuona. Juzi kaniambia, mama watoto, mimi hata wakinifunga kitambaa nitaunga saa. Nikamwambia ndiyo, baba."

Kwa hiyo Baba anamficha Mama kwamba haoni, Mama anamficha Baba kwamba anajua. Wamelala kitanda kimoja miaka arobaini, na kila mmoja ana siri ileile!

Nikamwambia apelekwe hospitali. Kasema ameshajaribu, njia zote. Baba anajibu hospitali ni ya wagonjwa, yeye si mgonjwa. Kasema kinachomtisha Baba si daktari kumgusa, ni daktari kumwambia aache. Kisha akanishika mkono na mikono yake ya maji ya sabuni, akasema nisimwage mtama. "Akijua nilikuwa namsogezea, hatakaa tena kwenye kile kiti. Na asipokaa pale, mwanangu, atakaa wapi?"

Nimemsaidia kuanika zilizobaki.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda studio ingawa tumefunga. Nyumbani nilikuwa nazunguka tu.

Baba kanifuata! Peke yake, kwa miguu, miwani ya jua, mkono unagusa kuta za maduka. Nilimwona kutoka dirishani na sikutoka kumpokea, ili nione anavyotembea. Mbele ya ngazi yetu alisimama, akaipima kwa ncha ya kiatu kama mtu anayejaribu maji. Nimelia kidogo, nikajifuta.

Kaketi. Kasifu chai. Kazunguka mbuyu kwanza, habari za huyu na yule, mwishowe ndipo akalitoa. Amesikia kwa Flashi kwamba kompyuta siku hizi inaweza kuongeza kisichokuwepo. Ni kweli? Nikasema ni kweli.

"Basi nitilie skrubu kwenye kibanio."

Nikaweka kikombe changu chini. Kaona aibu, kaanza kueleza haraka: watakuja mafundi wenzake, watakuja wateja, fundi mzima kabana hewa, watamcheka! "Kitu kidogo tu. Wewe si unafuta vumbi? Basi na hii ni hivyohivyo."

Nilimwambia, "Baba, tukapime macho. Mimi na wewe, sote wawili, na mimi yananiuma." Kasimama. Kasema ana saa ya mkunga mezani na mkunga hangoji. Mlangoni kageuka: "Skrubu, mama. Usisahau."

Akiniita mama siwezi kumnyima kitu, na analijua hilo.

Nimeitia. Dakika kumi na mbili tu. Niliichukua ileile niliyoifuta, kutoka picha ya awali, nikaiweka katikati ya ncha mbili na kivuli chake. Imekaa. Hata mimi nimeamini. Nikafunga kompyuta kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi kwenye kliniki ya macho. Nimekaa foleni na kompyuta mapajani, watu wote wana macho yanayouma, mimi nina la kwenye faili. Daktari ni mwanamke mkali, kijana kuliko mimi. Nikamfungulia jicho la Baba kwenye skrini nzima. Kanitazama kama nimemletea kuku.

"Hapa hatutibu picha. Mlete mwenye jicho."

Nikamwomba atazame tu. Katazama kwa hasira. Kisha kasogea. Kisha kashika kipanya mwenyewe, akavuta, akavuta tena — naijua hali hiyo! — akauliza hii kamera gani. Kwa dakika moja tulikuwa wajinga wawili mbele ya skrini.

Halafu akarudi kuwa daktari. Kasema kushoto, hili lenye kioo, ni mtoto wa jicho, amekomaa, anatolewa, na watu wengi huona tena. Kulia hawezi kusema kwa picha, hata iwe na pikseli za dunia nzima. Inaweza kuwa ni hivyohivyo inaanza. Inaweza kuwa presha ya jicho, na hiyo ikichukua hairudishi. Nikauliza tunao muda gani. Kasema, "Mwezi huu. Usiniambie mwaka huu."

Niliporudi ilikuwa saa kumi, na faili lilitakiwa jioni. Ninazo mbili. Moja: Baba peke yake, kitambaa kisafi, skrubu kwenye kibanio. Ile aliyoiomba. Ya pili: picha yote kama ilivyotoka, na vumbi lake, skrubu kwenye kitambaa, mkono wa Mama na sumaku. Nikituma ya kwanza, Baba anasifiwa ukuta mzima na kesho yake anarudi kwenye kiti chake, na jicho la kulia linaondoka taratibu huku sote tukijifanya hamnazo. Nikituma ya pili nimemvua nguo Baba mbele ya mafundi wenzake, na Mama nimemsaliti mchana kweupe. Na ya pili ndiyo picha bora! Hilo ndilo linalonitafuna. Hata ningekuwa simjui mtu huyo, ningeichagua. Sijui kama nataka macho ya Baba yapone au naitaka tu ile picha.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nimetuma zote mbili. Nimemwandikia Bwana Fremu achague yeye. Uoga mtupu.

Jumatano, 19 Machi

Hajajibu. Nimepiga harusi ndogo leo kwa kamera kubwa. Bibi harusi ana kipele kipya kidevuni, sasa nakijua kuliko mumewe.

Alhamisi, 20 Machi

Mkunga kaja studio. Nilidhani anataka picha. Kafungua mkoba, katoa ile saa yake ndogo, kaiweka juu ya kaunta kama kitu kinachoweza kuamka.

Imesimama tena. Mara ya tatu. Kasema Baba alimrudishia Jumanne kwa furaha, imekwenda siku moja na nusu. Hawezi kuirudisha mwenyewe, anamheshimu mno yule mzee, ameshamwongopea mara mbili kwamba iliangushwa na watoto. Lakini anahesabia mapigo kwa saa hiyo. Jana alikuwa na mama na kichanga, akatazama kifuani, saa imekufa, ikabidi aombe simu ya mtu.

"Hakuna kilichoharibika," kasema. "Lakini kingeweza."

Imo kwenye mkoba wangu. Nimeifungia kwenye leso. Kila nikitafuta funguo naigusa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia Bwana Fremu. Yuko juu ya ngazi, anatundika. Nilisikia nyundo. Nilitaka kumuuliza ipi, badala yake nikamuuliza kama nyundo inatosha. Kasema mwalimu hafundishwi kupiga misumari. Kasema nitaiona kesho.

Baba kapeleka koti kwa dobi. Mama kanipigia simu, kaniuliza kwa sauti ya chini kama ule mkono niliukata. Nikasema niliukata. Si uongo. Niliukata kweli. Tarehe 8.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye ngazi za ukumbi. Bado wako ndani. Naandika mbio, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Ni ya pili. Niliiona nikiwa mlangoni, Baba kanishika kiwiko kulia, Mama kushoto. Mita mbili! Vidole vya Mama vimekuwa virefu kama mkono wangu mzima. Vumbi lote lipo. Skrubu kubwa kama punje ya mchele, inameta kwenye ule ukijani. Mama akasimama palepale. Alinitazama tu, na sijui kama nitausahau ule mtazamo.

Baba hakuona tulichoona. Aliona rangi, labda. Kasema, "Ndiyo mimi huyo?" na sauti imejaa furaha. Watu wakapiga makofi, mafundi wenzake wawili wakamsogeza mbele. Akatoa kioo chake mfukoni. Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha mzuri. Akakibana kwenye jicho la kulia, si la kushoto alilolizoea miaka yote, akaegemeza pua karibu na ukuta, akaanza kusoma picha yake kama anavyosoma saa.

Nilikuwa nyuma yake. Alianzia usoni. Akashuka begani, mkononi, kibanioni. Akakaa pale. Nikajua ameiona hewa. Nikangoja ageuke anikaripie kuhusu skrubu yake. Hakugeuka. Akashuka kwenye kitambaa, akaikuta skrubu, akaigusa kwa ukucha. Kisha akaenda kulia kidogo. Sumaku. Kidole. Kidole cha pili. Pete — aliikaribia sana ile pete. Akarudi kwenye skrubu. Akaenda tena kwenye pete. Njia hiyo aliipita mara nne au tano, na watu nyuma walikuwa wameanza kupunguza kelele.

"Mama watoto. Njoo."

Mama akaenda. Akamuuliza kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Mara ngapi?"

Mama akaizungusha pete yake kidoleni.

"Nakuuliza. Mara ngapi umenisogezea?"

"Sikuhesabu, baba."

Hapo nikatoka. Mtoto mzima wa miaka thelathini na nane, nimekimbia wazazi wangu. Mlango uko wazi, kutoka hapa nawaona. Ameuchukua mkono wa Mama, wa kulia, ameuleta karibu na kile kioo, anautazama. Kidole kimoja, kingine, anaugeuza, kiganja. Mama ameinamisha kichwa. Mafundi wale wawili wamejitenga, mmoja kavua kofia. Wala hakuna anayecheka! Niliogopa kicheko wiki nzima na hakuna anayecheka.

Muuza kamera kaja hapa ngazini, kasimama mbele yangu, kauliza kama nimeamua, nabaki nayo au nairudisha. Iko shingoni mwangu. Sijaiinua tangu tulipoingia. Nimemwambia asubiri kidogo. Kasema sawa, kaenda kutafuta soda.

Nimefungua mkoba. Saa ya mkunga iko kwenye leso, na karatasi ya daktari yenye tarehe ya kumpima Baba, Jumanne saa tatu, sikuandika jina la mgonjwa. Nikimpa kimoja itabidi nimpe na kingine.

Mama kasema kitu. Sisikii. Baba kavua kioo, kakitia mfukoni, hajauachia mkono wake. Sasa wamegeukia mlangoni, na Baba anauliza niko wapi. Hilo nimelisikia, kalisema kwa nguvu. Ananitazama, uso wote huku niliko, hatua kumi hazifiki, na jua lote linaniangukia mimi. Nimesimama. Nimempungia mkono. Nimepunga tena.

Bado anauliza niko wapi.